Mchuzi unawasha lakini hauna ladha: kutafuta kasoro za pilipili jikoni

Mpishi akiona chakula kimepwaya, mkono wake wa kwanza hukimbilia pilipili. Mchuzi chapwa, ongeza pilipili. Nyama haijakolea, ongeza tena. Mwisho wake ni sufuria inayotoa watu machozi, na bado haina ladha.

Pilipili huingiza vitu viwili kwenye chungu kwa mpigo: ukali na ladha. Ukali unatokana na kapsaisini, kemikali isiyo na harufu wala ladha yake yenyewe. Kazi yake ni kuchokoza neva za mdomoni zinazohisi joto na maumivu. Ladha inatoka kwingine, kwenye nyama ya tunda, ganda, sukari na harufu zake, na hiyo hutegemea sana ulichoifanyia pilipili kabla haijaingia kwenye mchuzi. Kwa hiyo kabla hujatia chochote, amua kwanza ni kipi kati ya hivyo viwili kimepungua au kimezidi. Karibu kasoro zote zilizo hapa chini zinaanzia kwenye swali hilo.

Jambo moja la kufanya kila mara: usijaribie dawa kwenye sufuria nzima. Chota vijiko vitatu vinne vya mchuzi kwenye kikombe, tia unachodhani kimekosekana, koroga, onja. Dawa ikikubali, ipeleke kwenye sufuria. Ikikataa, umepoteza kikombe tu.

## Kinawasha, lakini hakina ladha

Anza na chumvi. Ukali huushughulisha mdomo kiasi kwamba mpishi haoni kuwa chumvi haijatosha, naye hudhani kilichokosekana ni viungo. Tia chembe kidogo kwenye kikombe. Kama ladha imefunguka, jibu ni hilo. Kama bado, dondoshea ndimu au siki kwenye kikombe hicho hicho. Vyakula vya pilipili, hasa vyenye maharage, dengu, nyama ya mafuta au tui, huhitaji uchachu kuliko wengi wanavyodhani. Nyanya peke yake wakati mwingine haitoshi, hasa ikiwa imepikwa muda mrefu hadi imekuwa tamu.

Ikiwa chumvi na uchachu havikubadilisha kitu, chunguza pilipili iliingiaje. Unga wa pilipili ukimwagwa moja kwa moja kwenye maji yanayochemka hutoa ukali, rangi iliyofifia, na basi. Sehemu kubwa ya harufu na rangi yake huhitaji mafuta ili itoke. Kitunguu kikishalainika, punguza moto, tia unga wa pilipili pamoja na bizari na viungo vingine vya unga, ukoroge nusu dakika hadi dakika moja. Mafuta yatageuka rangi na harufu itapanda. Hapo ndipo nyanya au maji huingia. Ukiogopa kuunguza, changanya unga na maji kidogo uwe uji mzito kabla ya kuutia kwenye mafuta. Maji yaliyomo huzuia joto lisipande haraka, na ukiona yamekauka na mafuta yameanza kujitenga pembeni, umefika.

Mchuzi umeshaiva na hatua hiyo uliiruka? Bado kuna njia. Pasha vijiko viwili vya mafuta kwenye kikaango kidogo, epua, subiri kidogo, kisha tia nusu kijiko cha chai cha paprika na bizari nyembamba. Vikianza tu kutoa povu na harufu, mwaga vyote juu ya mchuzi na ukoroge. Sielewi kwa nini mbinu hii haitajwi mara nyingi zaidi, maana huokoa sufuria nyingi zilizokwisha kukatiwa tamaa.

Chanzo cha tatu ni kutegemea aina moja tu ya pilipili, tena iliyo kali. Pilipili kichaa ni ndogo na ukali wake ni mwingi. Kabla hujaweka ya kutosha kuleta ladha, chakula hakiliki. Gawa kazi. Pilipili isiyo kali itiwe kwa wingi ijenge mchuzi, na iliyo kali itiwe kidogo kwa ajili ya moto tu. Kwa kazi ya kwanza kuna paprika, hoho nyekundu iliyobabuliwa, na zile pilipili kavu za Mexico: guajillo, na ancho ambayo ni poblano (pilipili pana ya huko isiyo kali sana) iliyoiva na kukaushwa, yenye ladha inayokaribia zabibu kavu. Chipotle ni jalapeño iliyoiva na kukaushwa kwa moshi. Paprika ya La Vera, Hispania, hukaushwa kwa moshi wa kuni za mwaloni, na kijiko chake kimoja hufanya chungu cha maharage kidhaniwe kimepikwa na nyama. Pilipili ikishakauka huwa kiungo kingine kabisa, kwa hiyo usishangae iliyo kavu ikishindwa kuchukua nafasi ya mbichi.

Habanero na jamaa zake, pilipili mbuzi miongoni mwao, zina harufu ya matunda ambayo pilipili nyingine nyingi hazina. Harufu hiyo haivumilii moto mrefu. Ukiitaka bila ukali wake, tumbukiza pilipili nzima yenye kikonyo chake, isiyo na mkwaruzo, katika dakika kumi au kumi na tano za mwisho, moto ukiwa mdogo. Usiisukumesukume kwa mwiko. Kisha itoe kwa kijiko. Ikipasuka, ruka hadi sehemu inayofuata.

Na mwisho, nusa kopo lako. Harufu ya unga wa pilipili hutoroka mapema kuliko ukali wake, ndiyo maana unga uliokaa sana huwasha huku una ladha ya vumbi. Usipopata harufu yoyote kopo likiwa wazi puani, kuongeza kijiko cha tatu hakutasaidia.

## Kimekuwa kikali kupita kiasi

Toa kwanza kinachotoleka. Vipande vikubwa na pilipili nzima viondolewe mara moja. Kisha acha sufuria itulie dakika chache na utazame juu: kapsaisini huyeyuka kwenye mafuta na karibu haiyeyuki kwenye maji, hivyo mafuta yanayoelea yamebeba sehemu nzuri ya ukali. Yaengue kwa upawa. Yataondoka na harufu kiasi, kwa hiyo engua sehemu tu, onja, kisha uamue kama uendelee.

Baada ya hapo dawa ya uhakika ni moja, kuongeza chakula. Pika kiasi kingine cha mchuzi, maharage au supu kisicho na pilipili hata chembe, uchanganye. Si habari ya kufurahisha saa ambayo watu wanasubiri kula, lakini dawa nyingine zote ni za kupunguza makali ya hisia, si kapsaisini yenyewe. Kitakachobaki kitaingia kwenye friza.

Kama huna nafasi ya kuongeza, tumia mafuta na maziwa. Tui zito la nazi, krimu, mtindi, au siagi ya karanga kwa michuzi inayoipokea. Protini ya maziwa iitwayo kasini hushikamana na kapsaisini na kuizuia isifike kirahisi kwenye neva za ulimi, ndiyo sababu hata maziwa yaliyoondolewa mafuta husaidia. Mtindi una tabia ya kukatika: epua sufuria, changanya mtindi na vijiko vichache vya mchuzi wa moto kwenye bakuli, ukishazoea joto umimine wote, na usiuchemshe tena.

Sukari kidogo husaidia kidogo. Ndimu haiui kapsaisini, ila inampa mlaji jambo jingine la kusikia, na katika mchuzi wenye mafuta mengi hilo linatosha. Usitie vyote viwili kwa pupa, maana mchuzi mtamu, mchachu na mkali kwa pamoja hauna njia ya kurudi.

Sasa kuhusu kiazi. Imeenea imani kwamba kiazi kibichi kikitupwa kwenye mchuzi hufyonza ukali kisha hutolewa. Kiazi hakina uwezo wa kuchagua kapsaisini. Kinanyonya mchuzi kama ulivyo, ukali na chumvi na ladha vyote pamoja. Kinasaidia kikibaki ndani na kuliwa, kwa sababu hapo kimeongeza chakula. Ukikitoa na kukitupa, umetupa mchuzi kidogo na kiazi kizima. Kuendelea kuchemsha nako hakusaidii: kapsaisini huvumilia moto wa kawaida wa kupikia, maji ndiyo yanayokwenda zake, na kinachobaki kinazidi kuwa kikali.

Aliyekwisha kuungua mdomo apewe maziwa au mtindi, au wali na mkate vya kusugua ulimi. Maji baridi hutuliza yakiwa bado mdomoni. Yakishamezwa, moto unarudi.

## Hakiwashi hata kidogo

Huenda ni aina tu. Mwaka 1912 mfamasia wa Marekani, Wilbur Scoville, alianzisha kipimo cha ukali kwa kuzimua dondoo la pilipili katika maji ya sukari hadi waonjaji wasiusikie tena moto. Siku hizi kapsaisini hupimwa kwa mashine, lakini jina la kipimo limebaki. Hoho ni 0. Jalapeño ni kati ya 2,500 na 8,000, cayenne 30,000 hadi 50,000, na habanero 100,000 hadi 350,000. Maana yake habanero dhaifu kabisa huizidi jalapeño kali kabisa zaidi ya mara kumi na mbili. Upishi ukisema "pilipili mbili" bila kutaja ni zipi, haujasema kitu.

Au umeondoa sehemu yenye ukali. Kapsaisini hutengenezwa kwenye utando mweupe wa ndani ulioshikilia mbegu. Mbegu zenyewe hazitengenezi ukali. Huwasha kwa sababu zimegusana na utando huo. Anayetikisa mbegu na kuacha utando hajapunguza kitu, na anayekwangua utando wote kwa kijiko ameondoa karibu moto wote. Kujua hivi kunakupa usukani: unaweza kutumia pilipili tano kwa ajili ya ladha na kuacha utando katika moja tu.

Kuna pia tofauti ya tunda na tunda. Aina moja, hata mmea mmoja, huzaa pilipili zenye ukali usiolingana, na mmea uliopata shida ya maji mara nyingi huzaa zilizo kali zaidi. Pilipili za Padrón za Hispania zinajulikana kwa hilo: nyingi ni pole, kisha inakuja moja ya kukutoa jasho. Usitegemee ukubwa wala rangi. Kata kipande chembamba karibu na kikonyo, maana huko ndiko utando ulikojaa, na ukigusishe ulimi. Anayeonja ncha ya chini hudanganyika, kwa sababu ncha huwa pole hata katika pilipili kali.

Na kama mchuzi wako una tui, krimu au jibini nyingi, ukali umemezwa humo. Usirudi kwenye unga wa pilipili usiokaangwa. Kaanga pilipili kwenye mafuta kidogo pembeni, au katakata mbichi utie juu wakati wa kupakua.

## Wewe husikii kitu, wenzako wanalia

Neva za mdomo zikikutana na kapsaisini mara nyingi hupungukiwa hisia. Aliyesimama jikoni saa nzima akionja kila dakika tano si shahidi wa kuaminika tena. Mwite mtu ambaye hajaonja.

Joto la chakula nalo hupotosha. Kipokezi kinachohisi kapsaisini ndicho hicho kinachohisi joto la kuunguza, kuanzia takriban nyuzi 43 za Selsiasi. Kiligunduliwa na kundi la David Julius huko California, likachapisha matokeo mwaka 1997, na Julius akapata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian. Kwa mpishi maana yake ni nyepesi: mchuzi unaotokota huonekana mkali kuliko utakavyokuwa sahanini. Onja ukiwa kwenye joto utakalouandaa nalo. Kwa chakula kitakacholiwa kikiwa baridi, ruhusu ukali uzidi kidogo.

Halafu kuna kuchelewa. Pilipili nyingine hupiga papo hapo ncha ya ulimi, nyingine hungoja, kisha hushuka kooni na kukaa huko. Habanero inajulikana kwa kungoja. Ukishatia, subiri dakika tano mchuzi ukitokota, onja, umeze, subiri tena kidogo kabla ya kuamua.

## Kuna uchungu

Karibu kila mara kitu kimeungua. Pilipili kavu ina ganda jembamba na sukari, na kwenye kikaango cha moto huhitaji sekunde ishirini au thelathini kila upande. Ukisikia harufu nzuri, epua. Ikigeuka nyeusi na moshi ukaanza kuchoma macho, itupe, na uoshe kikaango kabla ya kuanza upya. Unga huungua haraka zaidi. Kitunguu saumu kilichopita rangi ya dhahabu nacho kina uchungu wake, na mara nyingi pilipili husingiziwa kosa lake. Uwatu pia: robo kijiko zaidi ya kiasi inatosha kuharibu.

Uchungu ukishaingia kwenye mchuzi hautoki. Utaufunika kiasi kwa chumvi kidogo, ambayo hupunguza hisia ya uchungu kuliko watu wanavyotarajia, kisha kitu kitamu na chenye mafuta. Kama umeungua sana, ni afadhali kuanza tena na kitunguu kipya kuliko kupoteza nyama juu ya msingi ulioharibika.

Chanzo kimoja kisichoshukiwa ni maji yaliyoloweka pilipili kavu. Watu huyamimina kwenye blenda bila kuyaonja. Wakati mwingine ni matamu na yanafaa. Wakati mwingine ni machungu kabisa. Onja, na kama ni machungu yamwage, utumie maji safi au supu.

## Rojo lina chengachenga, au bado linanuka ubichi

Haya mawili huja pamoja kwa wanaosaga pilipili kavu wenyewe. Ganda lililolowa nusu halisagiki, hubaki vipande vinavyonata kwenye meno. Toa vikonyo na mbegu, kaanga kavu kidogo, loweka katika maji moto dakika ishirini hadi thelathini mpaka ganda liwe laini kabisa, saga kwa kimiminika cha kutosha ili blenda izunguke, kisha pitisha kwenye chujio ukikandamiza kwa kijiko. Kuchuja ni kazi inayochosha, na ndiyo inayotofautisha rojo la kawaida na lile ambalo wageni huuliza limetengenezwaje.

Kisha likaange. Rojo lililotoka kwenye blenda bado ni bichi. Litie kwenye mafuta ya moto, litaruka kidogo, koroga dakika tano hadi kumi mpaka lizidi kuwa zito, rangi ikolee na mafuta yaanze kuonekana pembeni. Nyanya, kitunguu saumu na tangawizi zilizosagwa zinadai uvumilivu huo huo.

Kwa hoho na pilipili mbichi zenye ganda gumu, zibabue kwenye moto mpaka ganda liwe jeusi pande zote, zifunike kwenye bakuli dakika kumi, kisha umenye kwa vidole. Usizioshe chini ya bomba, maana utazipeleka ladha zote kwenye sinki.

## Rangi imekuwa ya kahawia, au nyekundu inayotia shaka

Wekundu wa pilipili unatokana na rangi za familia ya ile ya karoti, na unaharibiwa na mwanga, hewa na moto mkali. Unga uliogeuka kahawia umezeeka au umeunguzwa wakati wa kukaushwa. Unayetaka rangi bila ukali mwingi, tumia paprika au pilipili ya Kashmir, ukiitia kwenye mafuta ya moto wa wastani.

Wekundu uliopitiliza nao ni dalili. Mwaka 2005 nchini Uingereza mamia ya bidhaa za vyakula ziliondolewa madukani baada ya unga wa pilipili uliotumika kutengenezea sosi kukutwa na Sudan I, rangi ya viwandani isiyoruhusiwa kwenye chakula. Kwa unayepika sana, kununua pilipili kavu nzima na kusaga mwenyewe kidogo kidogo huondoa wasiwasi huo, na harufu yake haina mfano.

## Jiko zima linakohoa, na vidole vinawaka

Pilipili iliyotupwa kwenye kikaango kikali sana hurusha kapsaisini hewani. Fungua dirisha kabla ya kuanza, punguza moto, na usiinamie blenda unapofunua rojo la moto. Kikaango chenye mabaki ya pilipili kikimwagiwa maji kingali cha moto huanza kukohoza watu upya, kwa hiyo kiache kipoe.

Vidole vikiwaka, maji matupu hayatoshi kwa sababu ile ile ya mafuta. Pakaa mafuta ya kupikia, sugua, kisha osha kwa sabuni ya vyombo, urudie. Glavu ni rahisi zaidi. Mikono iliyokwisha kuoshwa vizuri bado inaweza kuchoma jicho, hasa la mwenye lenzi za macho, kwa hiyo azitoe kabla ya kukata pilipili na si baada. Jicho likishaingiwa, lioshe kwa maji mengi safi, na lisipotulia mwone daktari.

## Mafuta ya pilipili hayana harufu, pilipili za kuchachua zina utando

Mafuta ya pilipili yakitoka meusi na machungu, mafuta yalikuwa moto mno. Yakitoka mekundu kidogo bila harufu, yalikuwa baridi mno. Kwa pilipili kavu iliyopondwa, nyuzi 110 hadi 130 hufaa. Usiye na kipimajoto, dondoshea kipande kimoja: kitoe viputo vya polepole, kisigeuke cheusi. Mimina kwa awamu mbili tatu, ukikoroga.

Hapa kuna jambo ambalo halina mzaha. Kitunguu saumu kibichi au pilipili mbichi zilizozamishwa kwenye mafuta na kuachwa mezani ni makao mazuri ya bakteria wa botulizimu, ambao hupenda pasipo hewa na sumu yao haina lazima ya kunuka wala kubadili ladha. Mafuta ya namna hiyo yakae kwenye friji na yamalizwe ndani ya siku nne, au yagandishwe. Pilipili kavu kabisa, isiyo na kitunguu saumu kibichi, haina hatari ya kiwango hicho.

Pilipili za kuchachua kwa chumvi zina kasoro zake. Zikilainika na kuoza, chumvi ilikuwa chache: pima asilimia 2 hadi 3 ya uzito wa pilipili zilizosagwa, yaani gramu 20 hadi 30 kwa kilo, na tumia mizani maana vijiko hudanganya. Utando mweupe ulio bapa juu ya maji kwa kawaida ni hamira za hewani. Unaenguliwa, ingawa ukiachwa huleta harufu mbaya. Ukungu wenye manyoya, wa kijani, mweusi au wa waridi, ni jambo jingine: tupa chupa nzima. Hakikisha pilipili zimezama wakati wote. Kabla ya kuhifadhi, pH (kipimo cha uchachu, ambacho hushuka uchachu ukizidi) inapaswa kuwa chini ya 4.6, nami hujisikia salama ikifika 4 au chini yake. Karatasi za kupimia zinatosha.

## Pilipili nzuri zinaharibika kabla hujazitumia

Mbichi zikiwekwa kwenye mfuko wenye unyevu huoza kuanzia kwenye kikonyo. Zikaushe kwa kitambaa, zifunge kwenye karatasi ndani ya mfuko uliolegea, uziweke kwenye friji. Zilizozidi zigandishe nzima bila kuchemsha. Zikiyeyuka huwa tepetepe na hazifai kachumbari, lakini kwa mchuzi hazina neno, na zikiwa bado zimeganda unaweza kuzikuna moja kwa moja kwenye sufuria kwa kikunio kidogo, ukirudisha iliyobaki kwenye friza.

Za kukausha zikatwe katikati ikiwa ni nene, na zikaushwe kwa nyuzi 55 hadi 60 mpaka zivunjike. Zinazopinda kidogo zinafaa kwa kutumia upesi, si kwa kuweka. Chupa ikiwa na mvuke ndani siku ya pili, zitoe uzikaushe tena. Zenye ukungu usizichambue ukiokoa nusu, kwa kuwa baadhi ya kuvu huacha sumu isiyoonekana wala kuondoka kwa kupika. Ukikuta vumbi laini na vitundu, ni wadudu; siku kadhaa kwenye friza huua waliomo, lakini unga waliokwisha kuutafuna hauna tena ladha ya kukufaa.